Siku Mbili Kuvua Mbuta

Sisi tufanyao kazi za ofisini tunamjua mbuta akiwa katika sahani tu, amekaangwa na kuwekwa kando ya ugali. Mimi nami nilikuwa hivyo, hata Ijumaa moja rafiki yangu, ambaye meza zetu zimekaribiana katika ofisi moja mjini Kisumu, akaniambia, "Ndugu yangu, umekaa kando ya Ziwa miaka minane, wala hujapata kuloweka ndoana. Kesho twende kwetu Rusinga." Kumbe alikuwa amekwisha kata leseni zetu mbili, maana hata avuaye kwa kujifurahisha hutakiwa na sheria kuwa na leseni. Niliona haya kukataa. Tena, nakiri, kabla ofisi haijafungwa nilikwisha waahidi makarani wenzangu kwamba Jumatatu nitawaletea samaki mrefu kama meza.

Jumamosi alfajiri tulipanda motokaa ya abiria, tukapita Kisian na Ndori hata Luanda Kotieno, ambako kuna kivuko cha kuvusha watu na magari mpaka Mbita. Nilisimama mbele ya kivuko nikitazama maji yasiyo na mwisho. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100. Zilizobaki ni za Uganda na Tanzania. Kutoka Mbita tulivuka daraja tukaingia Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, na ambako mwaka 1948 Mary Leakey alichimbua fuvu la mnyama wa kale aitwaye Proconsul.

Mjomba wa rafiki yangu alitupokea pwani. Ni mzee aliyevua tangu ujana wake, na mashua yake imepakwa rangi vizuri kama nyumba ya arusi. Alitupa makoti ya kuelea, akakataa kabisa kung'oa nanga mpaka tumeyavaa. Chomboni nilikuta fimbo ndefu iliyotiwa alama mbili za kisu. Sikuuliza ni ya nini.

Uvuvi wetu haukuwa wa wavu. Kila mmoja alikuwa na ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, na mwishoni mwa mshipi samaki wa bandia mwenye ndoana. Mashua huenda polepole, na yule samaki wa bandia hufuata nyuma akitikisika, hata mbuta amdhanie mlo. Kazi ya mvuvi ni kushika ufito na kungoja. Tulikwenda hivyo kati ya Rusinga na Mfangano mpaka jua likachwa, tukapata mbuta mmoja tu, mdogo kama kiganja na nusu. Mzee alimrudisha majini bila kusema neno.

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Tulipokuwa tukila pwani niliona taa nyingi mbali majini, nikadhani ni mji. "Ni wavuvi wa omena," rafiki yangu akasema. "Omena hufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri." Ndipo mzee alipotusimulia habari za ngege, samaki aliyelisha watu wa pwani ile alipokuwa mtoto. Ngege alikwisha punguzwa na nyavu, kisha akaja mbuta. Mbuta si mwenyeji wa Ziwa hili. Alitiwa majini upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akaongezwa mapema katika miaka ya 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, akila fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia, hata aina nyingi hazionekani tena. Wala haikukosekana sauti ya kuonya: mtaalamu Michael Graham, aliyelikagua Ziwa mwaka 1927 na 1928, alikwisha andika kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine, bila uchunguzi mrefu, ni hatari kubwa.

Jumapili asubuhi, karibu na miamba ya Mfangano, ufito wangu ulipinda ghafula kama mtu ameukanyaga. Mshipi ulikimbia ukilia. Nilivuta, samaki akavuta. Mara akaruka juu ya maji akitikisa kichwa, mdomo wazi, nami nikapiga kelele kama mtoto. Sijui ulipita muda gani. Mikono ilinitetemeka, na mshipi ulinikata vidole. Hatimaye akaja ubavuni mwa mashua, akilala upande, jicho lake liking'aa kama shaba.

Mzee alichukua ile fimbo akaiweka kando yake majini. Alama ya kwanza ni sentimita 50, ya pili 85. Samaki wangu aliipita ya pili kwa shibiri na zaidi.

"Huyu anarudi," rafiki yangu akasema.

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba najua nchi tatu zilikubaliana mbuta wa kuchukuliwa na viwanda awe kati ya vipimo hivyo viwili. Lakini mimi si kiwanda, wala siuzi.

"Karani wewe!" akasema. "Unatafuta mlango katika barua."

"Basi niambie," nikamjibu, "kwa nini tumhurumie mgeni aliyewala fulu wetu? Kumtoa huyu ni kulisaidia Ziwa."

Rafiki yangu alinyamaza. Mzee ndiye aliyesema, naye hakupandisha sauti. "Mwanangu, mimi nami nilimchukia. Lakini watoto wangu wamesoma kwa mbuta. Minofu yake inakwenda Ulaya, na sisi tusio na fedha tunanunua mgongo wazi, mifupa inayobaki kiwandani. Wakubwa namna hii wengi ni majike, na mmoja hubeba mayai mamilioni. Wakiisha hawa, unadhani wavuvi watakaa nyumbani? Watashona nyavu za macho madogo, wawamalize hata fulu wachache waliosalia. Samaki hajui kama anauzwa au analiwa bure. Lakini mshipi ni wako, na kila neno tusemalo linampunguzia pumzi."

Nilimtazama samaki. Matamvua yake yalikuwa yakifunguka polepole. Nilifikiri juu ya makarani wenzangu na ahadi yangu, na nasema kweli, nusura nishinde kwa ubishi wangu. Kisha nikanyosha mkono, nikamshika taya la chini, na rafiki yangu akaitoa ndoana. Alipolala ubavu bila kujitikisa niliogopa kwamba tumechelewa. Mzee aliendesha mashua taratibu, nami nikamshikilia akielekea mbele, maji yapite katika matamvua yake. Baada ya kitambo nilihisi nguvu ikirudi katika mwili wake. Akapiga mkia mara moja, akanilowesha uso, akatoweka.

Hatukusemezana kwa muda. Baadaye tulipata mbuta wawili waliokaa sawasawa kati ya alama mbili za fimbo. Mmoja tulimwacha kwa mzee, na mwingine tukamla kabla ya kivuko cha jioni, akiwa na nyanya na ugali wa mtama.

Jumatatu wenzangu waliniuliza yuko wapi samaki mrefu kama meza. Nikawaambia yuko Ziwani. Walicheka sana, na mmoja alisema kila mvuvi husema hivyo. Sikubishana naye, nilimwonyesha vidole vyangu. Lakini jioni, wengine walipokwisha kwenda, nilichukua rula yangu ya ofisi nikapima meza. Samaki wangu alikuwa mfupi kuliko meza kidogo tu.