Pole Si Fidia

Mtu akiumia kwetu huambiwa pole. Ni neno zuri, wala mimi silidharau. Lakini nimeona jinsi neno hilo, likifuatana na noti chache, linavyoweza kumsahaulisha mtu haki yake. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu hili.

Kila mtu ajua ya kuwa mkoa wetu wa Singida ni mkoa wa alizeti. Baada ya mavuno, mashine za kukamua mafuta hunguruma mchana kutwa, na vijana wengi hupata vibarua vya kubeba magunia, kulisha mashine na kuzoa mashudu. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Juni mwaka jana mkanda wa mashine ulimkamata mkono wa kulia. Kinga ya kuufunika mkanda huo ilikuwa imeondolewa siku nyingi, kwa kuwa, walisema, ilichelewesha kazi. Akapelekwa kwenye zahanati moja, akafungwa bandeji, ikaandikwa ya kuwa ni mchubuko. Wiki tatu baadaye mkono ungali umevimba, na picha ya eksirei katika hospitali kubwa ikaonyesha mifupa miwili imevunjika, nayo imeanza kuunga upande. Vidole viwili havikunji hata leo.

Mwenye mashine si mtu katili. Alikuja nyumbani mwenyewe na shilingi elfu hamsini na dumu la mafuta, akasema pole sana. Mjomba akamshukuru. Nilipouliza habari za fidia akanijibu, "Mpwa wangu, mimi ni kibarua tu, sina mkataba. Bwana yule amenitendea wema. Nimshitaki kwa lipi?"

Basi nikaenda kumsumbua mwalimu wetu wa Uraia. Alinieleza ya kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haikutungwa kwa ajili ya makarani peke yao. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, na alipwaye kwa siku ni mfanyakazi vilevile. Tena sheria hiyo haianzi kwa kuuliza kosa ni la nani. Yauliza kama ajali ilitokea kazini na kwa sababu ya kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, huchangiwa na waajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Huo ndio hulipa matibabu, na asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, na fidia ya ulemavu wa kudumu. Chini ya sheria ya zamani, tuliyorithi kwa Waingereza, fidia ya juu kabisa ilikuwa imefikia Sh. 108,000 na kukwama hapo, huku thamani ya shilingi ikiporomoka. Fedha hizo leo hazinunui ndama mzuri mnadani.

Ugumu ni muda na karatasi. Mwajiri apaswa kutoa taarifa ya ajali katika siku 7, na madai yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita. Mtu aliyepokea dumu la mafuta akanyamaza hupitwa na tarehe hizo bila kusikia mlio wowote.

Na yule tabibu aliyeona mchubuko mahali pa mfupa uliovunjika? Hapa sheria ni nyingine kabisa. Hapa yakupasa uthibitishe uzembe, mbele ya mahakama, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3. Wengi wakumbuka habari za Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipobadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa kama lile lajionyesha lenyewe. La mjomba halijionyeshi. Zahanati isiyo na mashine ya eksirei hailaumiwi kwa kutoiona mifupa; swali ni kwa nini hawakumpa barua ya kwenda hospitali kubwa siku ile ile. Nadhani swali hilo ni la haki, lakini mjomba amekataa kabisa kuliuliza.

Barabarani nako ni hivyo hivyo. Aliyegongwa hutegemea bima ya chombo kilichomgonga, ambayo ni lazima kisheria, lakini lazima kwanza kosa la dereva lithibitike. Bali dereva wa lori la vitunguu akipinduka mteremko wa Sekenke akiwa kazini, huyo ameumia kazini pia, na mlango wa Mfuko u wazi kwake. Sijui ni madereva wangapi walioambiwa jambo hilo.

Niliandika maelezo ya mjomba mimi mwenyewe, na wenzake wawili walioiona ajali wakatia sahihi. Mwenye mashine alisita sana, maana hakuwa amejiandikisha katika Mfuko, na kutojiandikisha ni kosa. Alijiandikisha mwezi wa Machi. Kinga ya mkanda imerudishwa mahali pake. Mjomba angali akingoja kuitwa na daktari atakayepima ulemavu wake; kubeba magunia ameacha, na sasa huyashona midomo kwa mkono wa kushoto.