Maziwa Yapoteayo Bandani

Mtu atokaye mjini Tanga kuelekea Muheza huona njiani minazi, michungwa na mkonge. Lakini nyuma ya nyumba nyingi ipo mali nyingine asiyoiona mpita njia: ng'ombe wa maziwa, mmoja au wawili, wafugwao bandani. Ufugaji huu ulitiwa nguvu tangu mwaka 1985, serikali ya Tanzania iliposhirikiana na Uholanzi kuwasaidia wafugaji wadogo wa mkoa huo. Kwa jamaa wengi, ng'ombe ndiye daftari za watoto na dawa ya mgonjwa.

Tulipita katika mabanda hayo tukitaka kujua kwa nini ng'ombe wawili wa mbegu moja hutoa maziwa yasiyolingana. Sababu hazikuwa ukame wala maradhi makubwa; zilikuwa mambo madogo.

La kwanza ni maji. Katika kila lita 100 za maziwa, kiasi cha 87 ni maji. Na ng'ombe akamwaye katika joto la pwani huweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Katika banda moja tulikuta pipa limejaa na hori kavu. Hatua tatu baina ya pipa na hori zilikuwa zikila maziwa ya kila siku.

La pili ni majani. Mabingobingo yakitupwa mazima, ng'ombe huchagua yaliyo laini na kuyakanyaga mengine mavini. Yakikatwakatwa, huliwa mengi zaidi.

La tatu ni jicho. Ng'ombe asiye na mimba hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo kwa kawaida haitimizi siku nzima. Mara nyingi huja usiku. Asiyemtazama alfajiri na kabla ya kulala, humpita. Nafasi nne zikipotea, karibu miezi mitatu imekwenda, na majani yakatwa vile vile.

Mama mmoja mjane alituonyesha kalenda aliyoitundika mlangoni mwa banda, yenye alama za tarehe hizo. Mwanawe hujaza hori kabla ya kwenda shule, na bintiye huosha ndoo na kiwele. "Wanangu," alituambia, "ng'ombe hasemi, husema ndoo."

Enyi vijana, lita moja ipoteayo kila siku ni lita 30 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Tena mnyama aliyefungwa hana pa kujitafutia. Yeye ni amana ya aliyemfunga.