Kununua Nyumba Fishers: Yangu, ya Benki au ya Majirani?

Ndugu na jamaa wa Dar wana swali moja tu kwangu: "Kaka, umeshajenga?" Kulijibu ni kazi. Hapa Fishers, Indiana, kaskazini mashariki ya Indianapolis, watu hawajengi kwa mtindo wetu: kiwanja mwaka huu, msingi mwakani, mabati bonasi ikitoka. Wengi hununua nyumba iliyokamilika na kulipa deni kwa miaka 30.

Fishers ilikuwa mji mdogo tu. Mwaka 1990 ilikuwa na watu kama 7,500. Sensa ya 2020 ikakuta karibu 99,000. Palipokuwa na mahindi na soya sasa pana nyumba zinazofanana kama mayai kwenye trei. Watu wanafuata shule nzuri, na barabara ya I-69 inawapeleka kazini.

Mimi na mke wangu ni wapangaji na tunataka kununua. Hebu tupige hesabu. Chukua mkopo wa dola 300,000 kwa riba ya asilimia 6.5. Kila mwezi unalipa karibu dola 1,900. Mwezi wa kwanza, dola 1,625 ni riba tupu. Deni linapungua kwa dola 270 hivi. Baada ya miaka 30 umelipa riba ya dola 382,000, zaidi ya ulichokopa! Bado bima. Bado kodi ya nyumba, ambayo katiba ya jimbo imeiwekea kikomo cha asilimia 1 ya thamani kwa nyumba unayoishi mwenyewe, japo tozo za shule zilizopitishwa kwa kura hazimo. Bado ada ya chama cha wenye nyumba, ambacho kinaweza kukupangia hata rangi ya mlango wako.

Sasa kwa nini tusiendelee kupanga? Aprili 2025 baraza la jiji lilipitisha sheria kwamba nyumba za kupangisha zisizidi asilimia 10 katika kila mtaa. Lengo lilikuwa kuyabana makampuni yanayonunua nyumba kwa wingi. Hapo naunga mkono, maana mnunuzi wa mara ya kwanza hawezi kushindana na kampuni yenye fedha taslimu. Lakini sheria ya namna hiyo inayokusaidia kununua inampunguzia nafasi asiye na kianzio, naye pia ana watoto wanaohitaji shule zilezile.

Kwa hiyo tutanunua, ila si kwa kiwango cha benki. Benki inapima mishahara yenu miwili ya leo. Haipimi siku mmoja wenu akipunguzwa kazi, wala siku mama akiugua nyumbani na fedha zikahitajika kesho. Sisi tumekubaliana: nyumba ambayo mshahara mmoja unaweza kuibeba, hata kama ni ndogo na gereji yake ni ya gari moja.

Wenzangu mlio ughaibuni, nyie mnapigaje hesabu hii?