Mikono Juu Milwaukee

Bado nina hasira na ile mikono.

Jana usiku, Agosti 23, 2023, wagombea wanane wa Republican walipanda jukwaani Milwaukee kuomba ridhaa ya chama chao. Mapema tu wakaambiwa anayeamini kwamba binadamu ndiye anayesababisha mabadiliko ya tabianchi anyooshe mkono. Ron DeSantis akakataa: sisi si watoto wa shule, tujadiliane. Nikampigia makofi sebuleni, na wala mimi si mtu wake. Baadaye likaja swali lenyewe. Trump akitiwa hatiani na bado akawa ndiye mgombea wa chama, nani atamuunga mkono? Vivek Ramaswamy mkono juu, swali halijapoa. DeSantis akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kisha naye akanyoosha. Sita kati ya wanane! Asa Hutchinson aligoma. Chris Christie alipandisha kidole akakitikisa kukataa, na ukumbi ukamzomea.

Trump mwenyewe wala hakuwepo. Aliona hana haja, akaenda kuhojiwa na Tucker Carlson. Leo anajisalimisha Georgia kujibu mashtaka.

Kwetu Tanzania hatuna mambo ya majukwaa. Mwaka 2015 watu 42 walichukua fomu za urais CCM, wakazunguka mikoani kusaka wadhamini, kisha Dodoma kusubiri. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu watatu, Mkutano Mkuu ukampa Magufuli. Lowassa, naye aliyechukua fomu, kakatwa, kwa nini? Vikao vimeamua. Baba yangu, kada wa tangu enzi za TANU, alizima redio, na kadi ya chama akaificha mahali ambapo hata mama hapajui.

Kwa hiyo jana niliwaonea wivu Wamarekani, walau kwa saa moja. Nikki Haley anamwambia Ramaswamy, uso mkavu, kwamba hana uzoefu wa mambo ya nje na inaonekana. Mike Pence anasema huu si wakati wa kumfundisha mtu kazi akiwa Ikulu. Chama kimoja hicho, na mubashara! Doug Burgum alichanika kano ya kisigino kwenye mpira wa kikapu siku moja kabla, akaja akasimama hivyo hivyo saa mbili nzima. (Huyu ndiye aliyegawa kadi za dola 20 kwa waliomchangia dola 1, afikishe wachangiaji 40,000 waliotakiwa ili kuingia mdahaloni. Kwetu TAKUKURU wangesema wanalifanyia kazi.)

Mjomba wangu wa Morogoro, aliyeamka kuswali akakuta kelele zimepamba moto, akanitumia sauti WhatsApp: "Mjomba, hawa wakishavuana nguo hivi, nani atawapatanisha?" Nikamjibu, shikamoo mjomba, wameshapatana kabla ya kuanza. Hupandi jukwaani mpaka usaini kwamba utamuunga mkono yeyote atakayeshinda. Aliyekataa kusaini ni Trump. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hicho si ndicho kikao?"

Ameniudhi kuliko ile mikono, maana nilishaandaa hotuba nzima kuhusu uwazi. Nami nashikilia kwamba tofauti ipo: DeSantis nimemwona kwa macho yangu akigeuza shingo. Siku Lowassa anakatwa, nani aliona sura ya nani? Mjomba anasema kuona bila kubadilisha kitu ni sinema, tena sinema una hiari ya kutoka.

Mdahalo wa pili ni Septemba 27, California, kwenye maktaba ya Reagan. Mimi nitakuwa zamu ya usiku. Mjomba ameahidi kunisimulia, ila swali lolote la mikono atalivuka.