Kuhama Nyumba na Kuhama Kazi

Mimi ni fundi wa kutengeneza tovuti, na sina mwajiri. Wengi hudhani kazi hii ni raha tupu kwa kuwa fundi hukaa nyumbani. Sivyo. Mteja hulipa kazi ikiisha, pengine miezi miwili baadaye. Lakini mwenye nyumba wa Dar es Salaam mara nyingi hutaka kodi ya miezi sita kabla hujaingia. Kwa hiyo mwaka 2024 nilihamia Morogoro, ambako nilipata chumba cha bei nafuu. Karakana yangu yote ilienea katika mkoba mmoja, na reli ya umeme iliyoanza mwaka huo huo hunifikisha kwa wateja kwa muda wa saa mbili hivi.

Lakini kazi nayo huhama. Zamani nilipamba kurasa kwa programu ya Flash. Mwisho wa mwaka 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuitunza, na ujuzi wangu ukawa kama sarafu isiyopokelewa dukani. Ilinibidi kujifunza upya, usiku kwa usiku, kutengeneza kurasa zinazosomeka vizuri katika simu.

Basi, anayetaka kujitegemea na aweke akiba ya kodi, wala asitupe madaftari yake siku ya kumaliza shule.