Siku ambayo sare inatosha

Septemba 7, 2023, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilitoka 0-0 na Algeria katika mji wa Annaba na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON. Mtu aliyeitazama mechi ile bila kujua msimamo wa kundi angeweza kusinzia kwenye kiti. Sisi tuliokuwa na hesabu mkononi tulikaa roho juu mpaka filimbi ya mwisho.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Algeria ilishafuzu zamani. Kabla ya mechi za mwisho Tanzania tulikuwa na pointi 7, Uganda 4. Siku hiyohiyo Uganda ikaifunga Niger 2-0, nayo ikafikisha 7. Sisi na Uganda tulikuwa tumeshafungana, kila mmoja kashinda 1-0. Kwa hiyo kama Algeria wangetufunga hata bao moja, pointi zingelingana, mechi zetu na Uganda zingelingana, na ingeangaliwa tofauti ya mabao: Uganda hasi 1, sisi hasi 2. Tungetoka. Sare ikatupa pointi ya 8, Uganda wakabaki na 7.

Mzazi mwenzangu, naijua hesabu hii kwa sababu aliyenipigia ni mwanangu, wakati huo ana miaka 13, siku chache kabla ya mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa Masasi. Kazi yangu ni mizani na daftari: mkulima analeta korosho, tunapima, tunaandika, anasubiri mnada. Mume wangu alifariki mtoto akiwa mdogo. Kwetu huku, iwe ni Mmakonde, Mmakua au Myao, mjomba si mgeni wa sikukuu, ana sauti kwenye malezi ya watoto wa dada yake. Basi kaka yangu alipopata habari kwamba mwanangu anataka kwenda kibanda umiza kuangalia mpira usiku wa Alhamisi, wiki moja tu kabla ya mtihani, alikuja nyumbani bila kupiga simu.

"Dada, huyu mtoto hesabu zinamshinda, halafu unamwachia aende kwenye mpira?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye mtihani wa majaribio mwanangu alianguka Hisabati, hasa kwenye namba hasi. Ukimwambia hasi 3 ujumlishe 2, anakuangalia kama umemsemesha Kichina.

Nikawaambia wote wawili: kibanda umiza hapana. Kule usiku kuna sigara, kuna matusi, kuna mambo mengine nitakayoyafikia. Lakini mpira ataangalia, sebuleni kwa jirani yetu mwenye king'amuzi, kwa sharti moja. Jumatano jioni anikalie mezani na daftari, anionyeshe itatokea nini tukishinda, tukitoka sare na tukifungwa.

Alikaa saa nzima. Aliandika mechi tano tulizokwisha kucheza: sare ya 1-1 na Niger, kufungwa 2-0 na Algeria, kushinda 1-0 dhidi ya Uganda, kufungwa 1-0 na Uganda haohao, kushinda 1-0 dhidi ya Niger. Akajumlisha mabao ya kufunga, akajumlisha ya kufungwa, akatoa. Akapata hasi 1. Akafanya ya Uganda, akapata hasi 3. Nikamuuliza, "Uganda akishinda mabao mawili na sisi tukifungwa moja?" Akanyamaza, akahesabu kwa vidole chini ya meza, kisha akasema, "Mama, tunatoka."

Mjomba wake alikuwa amekaa mlangoni. Alisimama, akaja kuangalia daftari, akaenda zake. Alhamisi usiku alikuwa wa kwanza kufika kwa jirani.

Babu na redio yake

Filimbi ya mwisho ilipolia, simu ya kwanza ilitoka Newala kwa baba yangu. Yeye yuko kule juu, hataki kushuka. Nimemwomba mara nyingi aje kukaa nami Masasi, hospitali iwe karibu, maana Newala asubuhi za baridi kifua humsumbua. Hujibu kwamba Masasi kuna joto na kelele, na mikorosho yake haiwezi kupanda basi. Mpira anausikiliza redioni. Televisheni anasema inamharibia macho na kumnyima kufikiri.

Baba ni wa kizazi kilichoishi na Lagos. Mwaka 1979, uleule wa vita vya Kagera, Taifa Stars iliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha ikaenda kurudiana Ndola. Zambia wakatangulia kufunga. Dakika za mwisho Peter Tino akasawazisha, ikawa 1-1, na Tanzania ikaenda fainali za 1980 Lagos kwa mara ya kwanza. Baba anasema pale Newala walikuwa wanaume kama ishirini kwenye redio moja, na bao lile lilipoingia betri zilidondoka kwa kurukaruka, wakakosa dakika kadhaa wasijue kama Zambia wamerudisha.

Kwa hiyo babu na mjukuu wote wana sare yao. Mmoja ana ya Ndola, mwingine ana ya Annaba. Wakikutana wanataniana kwa saa nzima ipi ilikuwa ngumu zaidi. Babu humwita mjukuu "mwenzangu". Mimi nimezaliwa katikati. Nilikua, nikasoma, nikaolewa na nikazaa bila kuiona Tanzania ikifuzu hata mara moja. Kati ya Lagos na fainali za Misri ilipita miaka 39. Hatimaye Jumapili ya Machi 24, 2019, Stars ikaifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Miezi minne kabla ya hapo tulikuwa tumefungwa na Lesotho kule Maseru, na watu wengi walishaikatia tamaa timu. Baba alikaa na redio yake.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, mwanangu alipata C ya Hisabati. Hakuwa wa kwanza, wala hakuna aliyembeba mabegani. Lakini alifaulu, akachaguliwa kidato cha kwanza. Wazazi wenye watoto wa A wanaweza wasinielewe. Kwangu ile C ilikuwa Annaba.

Siku ambayo sare haitoshi

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika, kwenye mpira na nyumbani kwangu.

Oktoba 2024, msimu wa korosho umepamba moto, natoka nyumbani alfajiri narudi usiku. Mtoto yuko kidato cha kwanza, sauti imeanza kukoroma, ana marafiki wakubwa kuliko yeye. Nilimpa shilingi 10,000 za madaftari. Madaftari sikuyaona. Nilipofua sare ya shule nikakuta karatasi mfukoni, ndefu, ina majina ya timu na namba pembeni. Mkeka.

Sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kubeti, na yeye alikuwa na 14. Alikuwa anampa hela kijana mmoja wa mtaani, huyo ndiye anamwekea na kukata chake. Na nilipoisoma ile karatasi vizuri, moyo uliniuma mara mbili: timu ya kwanza aliyoipa ushindi ilikuwa Tanzania dhidi ya DR Congo, Oktoba 15. Tulifungwa 2-0, hapahapa nyumbani. Mkeka ulichanika na mstari wa kwanza.

Kaka yangu alitaka fimbo. Jirani mmoja aliniambia nisijisumbue, watoto wote wa siku hizi wanabeti, atakua ataacha. Ushauri huo wa pili ndio ulioniogopesha. Huo ni ushauri wa sare: kila mtu abaki alipo, tusubiri dakika ziishe. Darasa la saba ilifaa, maana tulikuwa na pointi za kulinda. Safari hii hatukuwa na cha kulinda. Mimi kwenye mizani nawaona vijana wanaopokea malipo ya korosho za wazazi wao na kuyamaliza kwenye simu kabla jua halijatua. Nawajua kwa majina ya baba zao.

Basi nilifanya mambo matatu. Kwanza, mimi na kaka yangu tulimfuata yule kijana, mchana, tukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Hatukugombana. Tulimwambia umri wa mtoto na tukamwambia tutakachofanya akirudia. Pili, mwanangu alilipa ile 10,000 kwa kazi. Jumamosi nne alipanda Newala kuokota korosho kwa babu yake, kwa ujira uleule anaolipwa kibarua mwingine, na fedha alinikabidhi mimi mkononi. Tatu, jioni moja nilimkalisha tena na daftari. Nilimwambia aandike kila mkeka aliowahi kuweka: umetoa kiasi gani, umepata kiasi gani, utoe. Namba hasi aliikuta bila mimi kumfundisha. Ilikuwa hasi 23,500. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama ile ya Uganda.

Jumamosi ya mwisho babu alimwambia neno ambalo mtoto mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema wao, wale wanaume wa redio moja, hawakuwa na senti kwenye mechi ya Ndola, ndiyo maana furaha ile hakuna aliyewanyang'anya.

Jumanne, Novemba 19, 2024, Stars ilicheza na Guinea mechi ya mwisho ya kundi. Hesabu safari hii ilikuwa imegeuka. Guinea walikuwa na pointi 9, sisi 7. Sare isingetufaa kitu, tulihitaji kushinda. Dakika ya 61 Simon Msuva akafunga, ikaisha 1-0, tukafikisha 10 na kufuzu fainali za Morocco. Mechi ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, na huku kwetu jina hilo halitamkwi kama jina la uwanja tu. Mzee Mkapa amezikwa Lupaso, wilayani Masasi. Mwanangu alikuwa na miaka 10 mwaka 2020, anaukumbuka msafara wa magari ya msiba, na mwaka huohuo uwanja ukapewa jina lake. Watoto wa Masasi husema "uwanja wetu", ingawa uko zaidi ya kilomita 500 na wengi wao hawajauona.

Siku ile nyumbani kwangu tulishangilia kwa kelele. Nilikuwa namwangalia mwanangu kwa jicho la pembeni, nikisubiri aseme angepata kiasi gani kama angeweka. Hakusema. Alichukua simu, akampigia babu.

Siwezi kukuapia kwamba hatarudia. Ana miaka mingi mbele yake na simu ziko kila mahali. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sasa nikikabiliwa na jambo la mtoto, kabla ya kupandisha sauti najiuliza tuko kwenye mechi gani. Akichelewa kurudi kwa nusu saa, akivaa suruali nisiyoipenda, akipata C, hapo sare inatosha, nailinda na kulala. Akigusa kamari, akiacha shule, akinidanganya juu ya fedha, hapo najua lazima nitoke langoni nikatafute bao, hata kama jirani ataniona mkorofi.

Fainali za 2027 tumepewa kuwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Babu ameshatangaza kwamba atashuka Newala, apite Masasi amchukue "mwenzake", waende Dar es Salaam waingie kwenye uwanja wa Mzee Mkapa angalau siku moja. Nauli, anasema, itatoka kwenye korosho. Mjukuu ameandika mpango mzima kwenye daftari: nauli, tiketi, chakula, pa kulala. Mimi nimeongeza mstari mmoja chini. Mwaka huo atakuwa na miaka 17 na kidato cha nne, mtihani Novemba. Ameusoma, akaguna, lakini hakuufuta.