Namba Iliyonipeleka Ifakara

Miaka yangu ya kwanza ya kazi niliandika programu za maduka na za mikopo, nikiwa nimepanga chumba Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago. Kisha nikaingia kwenye mradi wa kuigiza kwa kompyuta jinsi malaria inavyoenea. Ndani ya programu niliyokabidhiwa kulikuwa na namba moja, 0.9: uwezekano wa mbu aliye hai leo kuiona kesho. Mkuu wetu alinikuta nikiipandisha na kuishusha. "Nenda Ifakara," akaniambia, "ukaone inakotoka."

Alfajiri nilipanda daladala ya Mbezi hadi Kituo cha Magufuli, nikashika basi. Chalinze, Morogoro, Mikumi. Pale tukakata kushoto kuelekea Kidatu. Miwa ikatusindikiza, kisha mpunga, na joto likawa la majimaji. Ndilo Bonde la Kilombero, alikofika Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1949. Maabara aliyoianzisha 1957 ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara.

Kesho yake tulivuka mto hadi Lupiro. Nyumbani kwa mama mmoja, mtego wa taa ulikuwa umekesha ukining'inia kando ya kitanda chenye chandarua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, wamepungua?"

Dada fundi wa maabara alitabasamu tu, akaufunga mfuko wa mtego na kuushika kama mtu aliyebeba mayai.

Maabarani alichagua jike mmoja wa Anopheles funestus. Bondeni wapo mbu wengine walio wengi kuliko huyu, lakini huyu ndiye anayeambukiza watu zaidi. Kwa sindano mbili akamvuta ovari, akanipisha kwenye hadubini. Nilitarajia kuona vijimirija vya hewa vimejiviringisha nchani kama uzi mpya. Hiyo ni dalili ya mbu ambaye hajataga. Hivi vilikuwa vimenyooka.

"Huyu ameshataga," akasema. "Wanaoishi sana ndio wa kuogopa."

Kimelea cha malaria huhitaji siku kumi hivi, wakati mwingine zaidi, kukomaa ndani ya mbu. Kati ya mbu 100, wakisalimika tisa katika kila kumi kila siku, 35 hufika siku ya kumi. Wakisalimika wanane, hufika 11 tu. George Macdonald aliuonyesha ukweli huo miaka ya 1950, akiendeleza hesabu za Ronald Ross. Ndiyo maana dawa ya kwenye chandarua ina nguvu kubwa: inamkatiza mbu siku zake.

Nimerudi Mwenge, na 0.9 bado ipo kwenye skrini. Siibadilishi tena kabla ya kufungua fomu za Lupiro, nyumba kwa nyumba, nikahesabu mbu ambao vijimirija vyao vimenyooka na ambao vimejiviringisha, maana humo ndimo inamotoka. Mama aliuliza kama wamepungua. Nataka siku moja nimjibu kwamba waliobaki hawafikishi siku kumi.